Mshumaa wa Wambui Haukudondosha

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mishumaa, Msimamizi hakunionyesha mshumaa. Alinionyesha mfuniko. Ulikuwa mfuniko mzito wa chuma, umetundikwa kwenye msumari karibu na jiko la kuyeyushia nta, na akaniambia nisiuondoe pale hata nikiagizwa na Meneja mwenyewe. Nta ikishika moto, alisema, usiimwagie maji. Maji yanazama chini ya nta, yanachemka kwa ghafla na kuurusha moto hadi kwenye paa. Unafunika, unazima jiko, unasubiri. Mimi nilikuwa msichana wa Kapseret niliyemaliza shule juzi tu, nimevaa viatu vya kuazima, na nilikuwa nimedhani hii ni kazi ya upole.

Karakana ilikuwa Eldoret, upande wa viwanda, jengo la mabati lililokuwa baridi asubuhi na joto mchana. Tulitengeneza mishumaa ya kawaida, ile myeupe ya shule za bweni, zahanati, maduka na nyumba za watu, ya kuwashwa stima inapopotea. Na stima ilipotea sana, hasa miezi ya mvua. Ninyi mlio na tochi kwenye simu mnaweza kucheka, lakini wakati huo mama aliyejifungua zahanati jioni ya mvua alimwona mtoto wake kwa mara ya kwanza kwa mwanga tuliomimina sisi.

Nilianzia kufungasha. Kutoka hapo nikapandishwa hadi meza ya tambi. Utambi ni ule uzi wa pamba uliosukwa, unaopita katikati ya mshumaa. Hautumiki mkavu, unachovywa kwanza kwenye nta ya moto na kunyooshwa, usije ukazima ukiwashwa. Baadaye Msimamizi akanipeleka kwenye kumimina. Nta huyeyushwa ndani ya sufuria iliyokalishwa kwenye sufuria kubwa zaidi yenye maji, ili moto usiiguse moja kwa moja. Unaongeza stearini, vipande vyeupe vinavyoifanya nta iwe ngumu isipinde kwa joto, halafu unamimina kwenye kalibu, yaani ile mirija ya chuma inayoupa mshumaa umbo. Nta ikipoa hunywea na kuacha kishimo juu, kwa hiyo lazima urudi kujazia.

Zaidi ya kumimina palikuwa na cheo kimoja tu ambacho mtu kama mimi angeweza kukifikia: kushika ufunguo wa stoo. Aliyeshika ufunguo ndiye aliyekagua kila mshumaa kabla haujatoka, na neno lake lilimaliza ubishi. Mama aliyekuwa nao alikuwa anakaribia kustaafu, na kila mtu alijua anayefuata ni mimi. Hata mimi nilijua. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kama mtu mwenye ufunguo.

Ndipo akaja Wambui. Wazazi wake walikuwa na shamba la viazi Burnt Forest, na yeye alikuwa amepanga chumba mjini ili afanye kazi. Aliwekwa meza ya kumimina, pembeni yangu. Nitasema wazi, kwa sababu katika umri wangu sina wa kumficha: nilimwonea wivu tangu wiki ile ya kwanza. Mishumaa yake ilitoka imenyooka, laini, na ukiiwasha iliyeyuka ikajinywea yenyewe bila kudondosha hata tone. Yangu ilidondosha. Si sana, lakini kwenye karakana ya mishumaa kila mtu huona.

Nilianza kumchunguza. Nilijifanya nachukua kitambaa ili nipite nyuma yake. Niliona kwamba asubuhi za baridi alizipasha kalibu joto kidogo kabla ya kumimina, kwa maana nta ikigusa chuma baridi hushikana upande mmoja na mshumaa hupata mistari na nyufa. Nikaanza kupasha zangu. Niliona kwamba nta ikianza kuwa nzito aliurudia utambi, akauvuta tena polepole ukae katikati kabisa. Nikaanza kuvuta wangu. Mishumaa yangu ikawa mizuri kuliko ya mtu yeyote isipokuwa yake, na hiyo iliniuma kuliko pale mwanzo.

Halafu ikaja siku ya moto. Maji ya sufuria ya nje yalikuwa yamekauka na mtu wa jiko hakuona, na nta ikawaka kwa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Tulikuwa wawili tuliokumbuka mfuniko. Wambui na mimi tulitoka mbio pamoja, lakini meza yake ilikuwa karibu na msumari, na mfuniko ulikuwa mmoja. Aliufikia yeye. Akafunika, akazima jiko, akasubiri, sawasawa na tulivyofundishwa, huku mimi nimesimama na mikono mitupu. Meneja alikuja akaona moshi, akamwona Wambui ameshika mpini wa mfuniko, na mama wa stoo alipostaafu ufunguo ukaenda kwa Wambui.

Niliwaambia watu nyumbani kwamba sikuutaka. Hakuna aliyeniamini, na mama yangu akaniambia niache kununa nile.

Nikabaki kumimina, na Wambui, bado akimimina mezani kwake nafasi ikipatikana, akawa anakagua kazi yangu. Alikuwa mkali. Aliwasha mshumaa mmoja kutoka kila fungu, akauweka mbali na mlango, kwa sababu upepo hufanya hata mshumaa mzuri udondoshe, na akauangalia hadi mwisho. Wa kwangu ukilia upande mmoja, fungu lote lilirudi kuyeyushwa. Lakini stoo yake ilikuwa stoo. Mishumaa ililazwa chali kwenye masanduku, haikusimamishwa ikapinda. Ilikaa rafu za chini, mbali na mabati yanayopata jua, mbali na sabuni na mafuta ya taa, na sanduku lilifungwa vizuri kwa sababu panya hutafuna nta. Nilitafuta kosa kwenye stoo ile miaka na miaka. Ningelipata ningeliimba.

Meneja wa pili alikuja na mpango wa kutupeleka kwenye shule na vikundi vya kina mama tukafundishe matumizi salama. Alitutuma pamoja, Wambui na mimi, hadi Cheptiret na kwingineko. Tulifundisha haya ambayo nawaambia nanyi. Kata utambi ubaki mfupi kama ukucha, ukiwa mrefu moto unaruka na kutoa moshi. Simamisha mshumaa kwenye sahani ya bati au mkebe wenye mchanga, usiugandishe kwenye ukingo wa kitanda wala juu ya kopo la plastiki. Weka mbali na pazia, neti ya mbu na karatasi. Usiuache ukiwaka ukaenda kulala au ukatoka, na usimwachie mtoto. Weka mishumaa na kiberiti mahali pamoja panapojulikana, ambapo mkono utafika gizani bila kutafuta. Na ukisikia harufu ya gesi, usiwashe chochote. Akina mama walimpenda Wambui. Alizungumza akicheka, wakamletea maziwa. Mimi walinishukuru.

Kisha ukaja uchaguzi ule wa mwaka 2007, na vurugu zake, majirani wa kabila moja wakiwafukuza wa kabila jingine. Sitasimulia yote; mliokuwapo mnajua, na ambao hamkuwapo mna wazazi wa kuwauliza. Wambui alikuwa ameenda Burnt Forest kwa sikukuu. Karakana ilipofunguliwa tena, hakuja. Tukasikia nyumba ya wazazi wake imeteketea, na wao wako salama lakini wamehamia kwa jamaa mbali, upande wa Nakuru.

Meneja aliniita ofisini. Ufunguo ulikuwa mezani, ule wa akiba.

"Salina," akasema, "wewe chukua hii. Sasa ni yako. Umengoja sana."

Nilikuwa nimeutaka ufunguo ule kuliko nilivyotaka nyumba ya mawe. Niliuchukua kwa sababu stoo lazima ifunguliwe, nikautia mfukoni, na siku nzima nilikasirika. Nilikasirikia watu waliochoma, nilikasirikia Meneja, na nilimkasirikia hata Wambui kwa kutokuwepo. Wenzangu wawili watatu walinipongeza. Mmoja alitaka kutundika aproni yake kwenye msumari wa Wambui, na nikamfokea hadi akatoka nje.

Msinisifu kwa hilo. Haukuwa wema. Nilikuwa nimetumia ujana wangu wote kutaka kumshinda yule mwanamke kwa mikono yangu, kwa mshumaa ulionyooka kuliko wake, mbele ya watu, naye akiwa anaangalia. Na sasa kuna watu wasiojua hata utambi ni nini waliokuja na viberiti wakanipa ushindi. Niliuona kama wizi. Walikuwa wameniibia mtu wangu wa kushindana naye.

Niliitafuta namba yake hadi nikaipata. Alipopokea, sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimuuliza wazazi wanaendeleaje, akasema wanaendelea. Nilimuuliza atarudi lini, akasema hajui, hajui kama kuna mtu Eldoret anayemtaka arudi. Sikuwa na maneno mazuri. Sijawahi kuwa nayo.

"Rudi," nikamwambia. "Mishumaa yako imeisha stoo. Customers wameanza kuzoea yangu."



"Yako inadondosha," akasema.

Nilikata simu kwa hasira, halafu nikakaa kwenye sanduku la mishumaa na kulia, na sikujua nalilia kipi.

Alirudi watu walipoanza kupanda mahindi. Aliingia mlangoni amekonda, amevaa sweta ambalo si lake, akasimama kama mgeni anayengoja kuambiwa aketi. Aproni yake ilikuwa kwenye msumari wake. Nilimfuata nikautoa ufunguo mfukoni, Meneja akiwa palepale anatutazama.

"Shika," nikasema. "Hii ufunguo nitakunyang'anya mimi mwenyewe siku moja. Lakini si hivi."

Aliuchukua. Alisema asante kwa Kikalenjin, lugha yangu, vibaya sana, na mimi nikamwambia aende akague fungu langu la asubuhi kabla halijatoka. Alilikagua. Alilirudisha.

Sikumnyang'anya kamwe. Taa za sola zilikuja, simu za tochi zikaja, oda zikapungua, karakana ikabaki na makanisa na wateja wachache wenye akili ya kuweka akiba. Wambui alistaafu mwaka mmoja kabla yangu, na ufunguo ukanijia tu, bila mapambano, kwa kuwa niliyebaki mzee ni mimi. Niliushika mwaka ule mmoja. Nilikagua mishumaa ya vijana, na ilikuwa mizuri kiasi, na hakuna hata mmoja aliyenikosesha usingizi. Ulikuwa mwaka mrefu kuliko yote niliyofanya kazi. Kwenye kuagwa nilipewa blanketi. Wambui alikuwa amepewa blanketi na sufuria kubwa.

Vijana huniuliza kazi ilinifunza nini, na wanategemea nitasema subira. Mishumaa haifundishi subira. Inataka uje nayo. Kilichonifanya nivute utambi mara ya pili, nipashe kalibu, nirudi kujazia kishimo hata nikiwa nimechoka, ni kwamba meza ya pili palikuwa na mtu aliyefanya vizuri kuliko mimi na sikuweza kuvumilia. Sijui kama ni jambo la kuandika kitabuni. Ndilo la kweli.

Sasa mimi niko Kapseret na ng'ombe wangu, na Wambui amejenga tena Burnt Forest. Viazi vyake ni vikubwa. Magoti yake hayaumi. Kwenye kabati zetu, yeye na mimi, kuna masanduku ya mishumaa tuliyomimina kwa mikono yetu miaka ya mwisho, imelazwa chali, na ikikaa vizuri haiharibiki. Stima ikipotea jioni, simu yangu hulia kabla sijakiona kiberiti.

Wiki iliyopita ilipotea wakati wa chai ya jioni. Wambui akapiga, tukawasha pamoja, kila mtu wake, kama tufanyavyo siku zote. Tukaongea juu ya mvua, juu ya bei ya mbolea, juu ya mjukuu wake anayesomea udaktari, jambo ambalo ningependa asinitajie kila mara. Tuliongea sana. Mshumaa wangu ulikuwa umeegemea kidogo upande wa dirisha, ukadondosha, ukaliwa upande mmoja, ukafika kwenye sahani, ukazima.

"Yangu bado inawaka," Wambui akasema. "Yako je, Salina?"

"Inawaka," nikasema.

"Haijadondosha?"

"Hata tone."

Basi akaendelea kuniambia habari za mjukuu, na mimi nikakaa pale gizani, kiberiti kiko mkononi na sanduku zima kwenye kabati, nisitake asikie nafungua kabati, nikamsikiliza hadi stima iliporudi.