Kibao cha Saa 12

Mwalimu Najwa Harun alikuwa ofisini kwake, kwenye shamba la maua karibu na Karagita, aliposikia kelele nje. Ilikuwa saa moja na dakika chache asubuhi. Alipotoka alimkuta Jepkosgei, mvunaji wa waridi, ameshikiliwa na wenzake wawili. Alikuwa anatapika, na macho yamevimba.

"Ametoka banda namba saba," mmoja wao akasema. "Lilipigwa dawa ya wadudu jana."

Kazi ya Najwa ilikuwa kuwafundisha wafanyakazi usalama. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha darasa la nne mjini Nakuru kwa miaka sita. Miezi miwili iliyopita ofisi ilimwagiza ayaweke masomo yote kwenye simu, naye akayapamba kwa rangi, muziki na waridi kila pembe. Wafanyakazi wote walipita mtihani. Jepkosgei alipata alama zote. Picha moja iliipendeza ofisi hadi ikachapishwa na kutundikwa kwenye milango ya mabanda ya maua: saa ya ukutani, ua kubwa jekundu, na maneno SAA 12.

Kwenye kliniki ya shamba, nesi alimwosha Jepkosgei macho kwa maji mengi. Najwa akainama karibu naye.

"Mwalimu, watanifuta kazi?"

"Hilo baadaye. Hukuona kibao mlangoni?"

"Niliona. Si kinasema saa kumi na mbili? Mimi niliingia wa kwanza, saa moja kasorobo. Hata nilikuwa nimechelewa."

Najwa alikuwa amemaanisha muda wa kungoja: dawa ikishapigwa, hakuna kuingia mpaka masaa kumi na mawili yapite. Mwanzoni aliandika "ngoja kwa muda wa", lakini maneno hayakutosha kando ya ua. Akayafuta maneno, akaacha ua. Na kwenye mtihani aliuliza tu kibao kinasema nini. Kila mtu alibonyeza SAA 12, naye akaamini wameelewa.

"Jana walipiga dawa mabanda mangapi?"

"Mawili. Saba na nane. Walimaliza saa tano usiku."

Najwa alitazama simu. Saa mbili na dakika ishirini. Wavunaji wa banda la nane huanza saa mbili na nusu. Alimpigia Maxwel, supavaisa wao. Simu ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena, haikushikwa. Akatoka mbio hadi kwa dereva wa boda boda aliyeegesha getini.

"Boss, banda la nane. Haraka!"

Walipofika, wanawake tisa walikuwa wamepanga foleni, glavu mikononi. Maxwel alikuwa ameshafungua mlango nusu.

"Msiingie!" Najwa alipaza sauti kabla pikipiki haijasimama. "Maxwel, funga!"

"Mwalimu, lori linangoja maua. Usinitishie watu kwa sababu mmoja ameugua."

"Soma hicho kibao. Kinakuambia nini?"

Maxwel alikitazama kwa hasira. "Saa kumi na mbili. Na sasa ni saa mbili na nusu. Shida iko wapi?"

Maxwel alikuwa kwenye kazi hii kwa miaka kumi na moja, na hata yeye alikisoma hivyo.

"Ni masaa ya kungoja," Najwa akasema. "Walimaliza kupiga dawa saa tano usiku. Hapa haingii mtu mpaka saa tano mchana."

Maxwel aliurudisha mlango polepole. Mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni akarudi nyuma hatua tatu.

Alasiri, meneja alimsukumia Najwa karatasi. Ilisema mfanyakazi alifundishwa, akapita mtihani, kisha akapuuza maagizo.

"Ukitia sahihi, imeisha."

"Na Jepkosgei?"

"Ataenda nyumbani, hana kazi tena."

Najwa alimfikiria mama yake kule Bondeni, ambaye humtegemea yeye peke yake. Kisha akaandika chini ya karatasi: *Alifuata kibao kama kinavyosomeka. Kosa liko kwenye kibao, nami ndiye niliyekitengeneza.*

"Unajua unajiandikia nini?" meneja akauliza.

"Najua."

Alipewa barua ya onyo, na kwa wiki tatu kila mlango wa ofisi ulipofunguka alidhani anaitwa kufukuzwa. Hakuitwa. Jepkosgei alirudi kazini baada ya siku tisa, macho bado yakitoa machozi juani.

Najwa alivishusha vibao vyote, akaanza upya. Safari hii alikwenda na michoro yake pale wavunaji wanapokula chakula. Hakuuliza kama inapendeza. Aliuliza, "Ukiona hii, utafanya nini?" Wamaitha, mvunaji wa siku nyingi, aliangalia mchoro wa jua na mshale, akasema, "Hapa unaniambia nitoke nikaote jua." Najwa akaufuta.

Mchoro wa nne haukuwa na ua wala saa. Ulikuwa na mlango uliofungwa, na chini yake nafasi ambayo mpiga dawa angeandika kwa chaki: *Ingieni leo saa tano mchana*. Akampelekea Jepkosgei.

"Hii nimeelewa," Jepkosgei akasema.

"Usiniambie umeelewa. Niambie ungeingia lini."

"Saa tano." Akautazama tena mchoro. "Na nikifika nikute hakuna kitu kimeandikwa?"

Najwa hakuwa amelifikiria hilo. Alivuta kiti, akatoa kalamu.