Nilibadilisha Jiwe la Pete ya Mama Mkwe

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nimelibeba moyoni tangu mwaka jana na sasa limenishinda.

Naishi Manibe, nauza vitenge mjini Arua, Uganda. Aliyekuwa mchumba wangu, nitamwita Lado, ni mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini. Yeye na mama yake wanakaa Ludara, huko Koboko. Siku ya posa, mama huyo alivua pete kidoleni mwake akanivisha mimi. Pete kuukuu ya fedha, yenye jiwe la mwezi. Alinieleza kuwa marehemu mumewe alimvisha walipokuwa vijana, na ukiligeuza juani, ndani hupita mwanga mweupe. Mwanga huo, alisema, ndio mapenzi yao. Walipokimbia vita aliificha pete ndani ya nywele zake alizosuka.

Mimi niliona kigae cha chupa, jamani! Wenzangu sokoni walinicheka, wakauliza kama nimeposwa na babu. Nikaona aibu. Nikaipeleka kwa sonara, akatoa jiwe lile, akaweka jipya linalong'aa. La zamani nikamwambia atupe. Nilijua mama atadhani nimeisafisha tu.

Nilipokwenda Ludara, mama alinishika mkono akaugeuza juani. Akaugeuza tena. Na tena.

"Mutoto yangu," aliniuliza polepole, "macho yangu imeharibika? Mimi hapana ona ile mwanga."

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Labda ni macho."

Mungu wangu! Mama yule alilia, akimtaja mumewe kwa jina.

Wiki iliyofuata Lado alimleta Arua kwa daktari. Daktari akasema macho ni mazima. Lado akaja kwangu, akaomba kuiona pete, na hapo nikamweleza yote. Nilikimbia kwa sonara, lakini jiwe alishalifagia pamoja na takataka.

Lado hakunitukana. "Jiwe ni jiwe tu," alisema. "Lakini wewe uliacha mama yangu afikiri iko kipofu."

Nilitaka kumrudishia pete, akakataa. Alisema pete hiyo si ile ambayo mama yake anaijua, na uchumba wetu ukaishia hapo.

Nampenda mpaka leo, na inauma!

Dada zangu, mkipewa kitu cha zamani na anayewapenda, msikionee aibu mbele za watu. Na mkishakosea, semeni palepale. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema, mkono wangu ukiwa bado ndani ya mikono ya yule mama, na sikusema.