Barua ya Uraia ya Mke Mwenzangu

Mwaka sabini na moja mie ndiye niliyekuwa balozi wa nyumba kumi mtaani kwetu Mtoni, na ubalozi huo ndio ulioniponza. Wivu ninao, sikatai. Anayesema hana wivu kwa mumewe, basi huyo mume hamtaki.

Mume wetu, Mwinshehe, fundi baiskeli, alinioa kwetu Kilwa nikiwa mwari. Ndoa tulifungia mkekani, sheikh na mashahidi wawili, karatasi hakuna. Nani alikuwa na habari ya karatasi? Miaka kumi na sita baadaye akaniletea Wahiba, Mngazija, mdogo, mwenye mwendo wa kunitia homa. Huyo alimwoa mjini, na cheti cha ndoa akapewa.

Serikali nayo ikataka wageni wajulikane. Wahiba ama aandikishwe uraia kwa ajili ya mumewe, ama arudi kwao Ngazija. Cheti alikuwa nacho. Ilibaki barua ya balozi kuthibitisha kuwa ni mke halali na anaishi na mumewe.

Wiki tatu nikawazungusha. Leo kichwa kinaniuma, kesho wino umekwisha, keshokutwa nina mkutano wa tawi. Mwinshehe, ambaye hata kwenye zamu yangu alikuwaga anakuja kukoroma tu, akaanza kuniletea samaki changu wa kupaka na doti ya kanga. "Mke wangu," ananiita. Kumbe maneno matamu anayajua! Kanga nikapokea, barua sikuandika. Moyoni nilishamwona Wahiba yuko bandarini na sanduku lake.

Siku moja Wahiba akaja mwenyewe, akapiga magoti mlangoni kwangu. "Shikamoo, dada. Kama hunitaki, niambie nifunge mizigo. Ila nina mimba ya miezi minne."

Nilitaka kumtukana, badala yake nikajiuliza: Mtoto wa Mwinshehe akulie ng'ambo hamjui baba, halafu dhambi iwe yangu?

Nikakaa kuandika. Kalamu nimeijulia ukubwani, darasa la watu wazima, barua moja ilinichukua asubuhi nzima. Nikaandika kuwa Wahiba ni mke wa pili wa Mwinshehe. Kesho yake Mwinshehe akairudisha. Karani wa ofisi ya uraia kaikataa, kasema yeye haulizi wa ngapi, anauliza ni mke au si mke.

"Andika mke halali, basi," akaniambia.

"Nitaandika. Na mie nikatie cheti cha ndoa."

Akacheka. "Cha nini, Somoe? Wewe mzaliwa wa hapa, nani atakuuliza?"

Nikaandika kama alivyotaka karani. Baada ya miezi kadhaa uraia ukatoka. Mwinshehe akachinja mbuzi, cheti cha uraia cha Wahiba kikatiwa fremu, kikatundikwa ukutani. Majirani wakaja kunipa mkono mie, eti balozi mwenye roho nzuri. Roho gani? Ilikuwa inaungua, nami nawapakulia pilau.

Wageni walipokuwa bado wanakula nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikatoa karatasi ya ubalozi. Nikaandika polepole: "Mimi, balozi wa nyumba kumi, namfahamu Somoe binti Chande. Nathibitisha kuwa ni mke halali wa Mwinshehe, na anaishi na mumewe." Nikatia sahihi yangu. Kisha nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, maana hakuna ofisi iliyoiomba.