Mama Mkwe Ashika Saa
Tangu mama, fundi cherehani, ahamie kwa binti yake, nyumba ile ilikuwa na watu wawili wasiosemezana. Hawakugombana, la hasha. Waliheshimiana tu, tena kupita kiasi. Mama akishamimina chai humwambia binti, "Mwambie mumeo chai iko tayari," na mume mwenyewe yuko palepale, birika linamgusa kiwiko. Naye mkwe, fundi majokofu mwenye mabega mapana na sauti ya kunong'ona, hujibu kwa njia hiyohiyo: mwambie mama ahsante. Binti, mjamzito aliyevimba miguu, alichoka kuwa posta. Mama alilijua hilo. Begi lake alishalifunga: mambo yasipobadilika hadi Jumapili, Jumatatu anarudi kwa kaka yake, akalale kwenye kochi.

Jumapili hiyo ilikuwa siku ya mashindano ya magari. Mkwe alikuwa mgeni katika mchezo huo, na mwelekezaji wake alikuwa mkewe, ambaye sasa mkanda wa kiti haukumtosha. Binti akatangaza kwamba mama ndiye atakayekwenda. Hakuomba ushauri wa mtu.

Mchezo wenyewe mkwe aliueleza kwa kumwambia mkewe amwambie mama. Si mbio. Kila gari hupewa kitabu cha njia chenye michoro ya njia panda, na muda wa kufika kila kituo. Ukichelewa unakatwa pointi. Ukiwahi, unakatwa maradufu. Dereva anaendesha, mwelekezaji anasoma kitabu na kutazama saa. Mama aliipekua michoro, akaiona kama vipande vya gauni kabla ya kushonwa, akajipa moyo.

Kweli, michoro haikumshinda. Kilichomshinda ni mdomo wake mwenyewe, maana mkwe utamwamrishaje? Njia panda ya kwanza ilipokaribia, alianza: "Samahani baba, kama hutaona vibaya, hapo mbele penye bango, ikikupendeza, naomba tuingie..." Neno "kulia" lilipotoka, bango lilishabaki nyuma.

Mtu mwingine angegeuza gari. Mkwe wetu hakugeuza, kwani kugeuza ni sawa na kumwambia mama amekosea. Alisema hamna neno, akanyoosha mbele kwa adabu zake zote. Lami ikaisha, ikaja njia ya vumbi, nayo ikaisha ndani ya ua wa kiwanda cha matofali, mbele ya mlinzi aliyekuwa ananyoa ndevu. Hata hapo mkwe alizima injini, akatulia kana kwamba ndiko walikotumwa.

Uvumilivu wa mama ukaishia hapo.

"Geuza," alisema. "Tumepotea, na ulijua."

Kuanzia hapo maneno yakawa mafupi. Kushoto. Punguza. Kulia nimesema, unasinzia? Mkwe naye ulimi ukamfunguka, akamwambia aache kumkodolea macho, atazame saa. Walifidia muda kwa pupa hata kituo cha mwisho kilipoonekana, mama akagundua wamewahi.

Ukishapita kibao cha kituo, umehesabiwa umefika. Basi mkwe akaegesha kabla ya kibao, wangoje dakika yao. Injini ikanyamaza, na hapakuwa tena na njia ya kuelekezana. Mama akaiona Jumatatu inamjia, na kochi lake. Akauliza, macho mbele:

"Nimekukosea nini, baba?"

Mkwe alikuna usukani kwa kucha. Hatimaye akasema kwamba siku alipopimwa koti la harusi, alimsikia mama akimwagiza msaidizi wake aache nafasi kwenye mishono, kwani huenda koti likamfaa bwana harusi mwingine.

"Nilisema," mama akakubali. "Na nilimaanisha. Ulikuwa mwembamba, husemi neno. Nikaona huyu hamalizi mwaka kwenye ndoa."

"Na sasa, mama?"

"Sasa ile nafasi umeijaza kwa tumbo. Nitampa nani?"

Mkwe aliangua kicheko ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia. Mama naye akacheka hadi kitabu kikamponyoka. Akamsimulia mabwana harusi wengine aliowapima. Mkwe akamsimulia vitu anavyovikuta ndani ya majokofu ya watu waheshimiwa. Gari moja likawapita, kisha jingine, kisha mengine mengi.

Walipoifikia meza ya kituo, karani aliitazama kadi yao ya muda, akaitazama saa, akapatazama mahali walipokuwa wameegesha machoni pake muda wote ule. Akawaambia wamechelewa sana. Akauliza gari lilikuwa limeharibika nini.

"Halikuharibika," mama alisema. "Tulikuwa tunaongea."