Namba Iliyokataa Kugawanyika

Juzi, kwenye foleni ya malori pale Tunduma, niliona tela lenye namba 1009, na papo hapo nikasikia tena harufu ya mvua ya Hasamba, kijijini kwetu.

Mchana ule wa utotoni mama alikuwa msibani. Aliniagiza nikitoka shule nikimbilie kufunika kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja, maana ndiyo iliyokuwa ada yangu ya shule. Lakini mwalimu aliandika 1009 ubaoni akasema, "Ukiacha moja na yenyewe, inagawanyika kwa ngapi? Hatoki mtu kabla ya jibu."

Radi ikanguruma. Nikagawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa saba. Kila mara ilibaki moja. Niliamini kuwa namba kubwa, kama shamba kubwa, haikosi kugawanyika.

Sekela, niliyekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Hii haigawanyiki, bwana. Nimwambie?"

"Nyamaza, utafanya tuchapwe."

Siku hizi najua kwamba ningeweza kuishia thelathini na moja, maana thelathini na mbili mara yenyewe tayari inaipita 1009. Mimi niliendelea hadi hamsini, vumbi la chaki likinikaba, matone yakianza kugonga bati. Mwishowe Sekela akasimama bila kuniangalia.

"Haigawanyiki, mwalimu."

"Sasa mlikuwa mnangoja nini? Nendeni."

Nilimkuta mama amelowa, bado kajifunga khanga ya msibani, akizoa kahawa kwenye tope.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Mwalimu alituzuia," nikasema.

Akaniamini.