Krismasi ya Uwanja Usiofagiwa

Nilipokuwa mtoto kule Kansay, kufagia hakukuwa jambo la kujiamulia tu. Usiku hufagii, utafukuza riziki. Mgeni akiwa bado ameketi hufagii, utakuwa unamfukuza yeye. Na mtu wa nyumbani akisafiri, hapo ufagio unalala kabisa mpaka habari zije kwamba amefika. Ukifagia mapema umezifuta nyayo zake, na mtu asiye na nyayo nyumbani atarudishwa na nini? Hivyo ndivyo alivyotufundisha bibi yetu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Ama, kama Wairaqw wengi wanavyowaita bibi zao.

Sisi watoto tuliipenda sana imani hiyo, maana nani anapenda kushika ufagio alfajiri na baridi ya kwetu? Baba akienda mnadani Karatu, tulikuwa tunamwombea achelewe kidogo. Mama hakuipenda hata chembe, ila alikuwa mkwe, na mkwe anameza mengi.

Lakini ikaja Krismasi moja ambayo imani hiyo nusura imkoseshe dada yangu mume.

Shangazi yangu Yustina, kitinda mimba wa Ama, alikuwa akifanya kazi Norwe, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka ule alipata likizo, lakini likizo yenyewe iliishia hapohapo mlangoni mwa sikukuu. Wenzake wenye watoto wadogo ndio waliopewa kukaa kwao Krismasi, yeye akatakiwa kazini. Basi wakati watu wote wanarudi nyumbani, kutoka Arusha, kutoka Dar, mabasi yamebeba magodoro na mabati mpaka juu, shangazi yetu akapishana nao akielekea uwanja wa ndege. Niliona ni uonevu mtupu, na hadi leo naona hivyo.

Aliondoka asubuhi, gari la jirani, aina ya Noah, likimsubiri nje ya geti. Kwanza alizunguka kuaga. Aliaga watu, akaaga ng'ombe, akaingia hata banda la mbuzi akicheka huku machozi yanamtoka. Ama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akasema maneno yake ya Kiiraqw polepole, kisha akamwachia. Mvua za vuli zilikuwa zimepumzika kidogo, udongo wetu mwekundu umekauka vizuri, na kila unyayo ulionekana wazi. Gari lilipopotea, Ama alichukua karai la kufulia, akalifunika juu ya alama moja ya buti karibu na geti, akaweka na jiwe juu yake ili kuku wasiipekue. Hapo tukajua kwamba ufagio umepigwa marufuku.

Kwa kawaida isingekuwa shida. Shida ni kwamba siku ya pili ya Krismasi tulikuwa tunatarajia wageni kutoka kijiji cha Daa, watu wa Elibariki, kijana aliyekuwa anamtaka dada yangu Paskalina. Na kwetu, msichana hatazamwi usoni kwanza, unatazamwa uwanja wa kwao. Tena mama yake Elibariki alijulikana kata nzima kwa macho makali. Walisema akipita tu njiani, akaona kuni zilivyopangwa, anakuambia tabia ya mwenye nyumba. Paskalina alikuwa anampenda yule kijana kweli. Alikuwa amefua mapazia, amesiriba ukuta, amepaka chokaa mawe ya bustani. Kilichobaki ni uwanja.

Shangazi alitakiwa awe amefika siku ya mkesha. Kwetu bondeni mtandao haukuwepo, ilibidi baba apande kilima cha kanisani na simu mkononi. Alipanda asubuhi, akarudi bila habari. Alipanda jioni, vivyo hivyo. Namba ya Yustina haipatikani. Baba alisema pengine ni chaji tu, lakini alisema akiwa anatazama pembeni.

Huku nyumbani uwanja uliendelea kuchafuka kwa kasi ya ajabu. Baba mdogo Emanueli alikuwa amekuja kutoka Arusha na familia yake, na watoto wa mjini wanajua kula. Maganda ya miwa, makaratasi ya biskuti, manyoya ya kuku waliochinjwa, samadi ya mbuzi, majani ya mgrevilea yaliyoangushwa na upepo, vyote vikalala pale. Mama akaomba wafagie hata mbele ya mlango tu. Ama akakataa. Akaomba waokote makaratasi kwa mkono. Hapo Ama akakubali, ila mwokotaji akanyage kwa ncha za vidole. Tukaokota tukitembea kama korongo, tukicheka, na bado uwanja haukutazamika.

Baba mdogo Emanueli, ambaye mjini alikuwa fundi wa kompyuta na hakumwacha mtu asahau hilo, akajaribu kumweleza mama yake kwa upole. Alisema ndege inapita angani, mama, haikanyagi kitu, haina nyayo.

"Ndiyo maana," Ama akamjibu. "Zilizobaki ni hizi tu."

Ama alikaa kwenye kigoda chake karibu na lile karai, khanga imemfunika mabega, akachambua maharage siku nzima. Hakuonekana mwenye hofu. Ila niliona anachambua sinia lilelile mara ya pili, na lilikuwa safi tayari.

Siku yenyewe ya Krismasi, baada ya ibada, nilimsindikiza baba kilimani. Alijaribu namba ya mtu mwingine ikaita, ya Yustina bado haipatikani. Tulipokuwa tunashuka, baba akaguna, halafu akacheka peke yake kwa namna ya mtu aliyechoka.

"Unajua lile buti pale chini ya karai si la shangazi yako? Ni la dereva aliyekuja kumchukua. Yustina alitoka na ndala, mabuti yake ya baridi aliyafungasha kwenye begi."

Akanikanya nisimwambie Ama, atafadhaika. Kwa hesabu ya kitoto mambo yalikuwa wazi kabisa: siku zote hizo tumemlinda dereva, na dereva mwenyewe alisharudi kwake, anakunywa pombe ya sikukuu, wakati shangazi yangu yuko huko nje bila kulindwa na mtu. Nilimpita baba, nikateremka mbio, nikamfikia Ama nikihema, nikamwambia yote.

Ama hata hakuinua macho kwenye sinia.

"Nilimwona akivaa ndala," alisema. "Karai nilimwekea mama yako. Mtu ukimkatalia uwanja mzima bila sababu ya kuonekana, moyo unamchoma. Nimempa kitu cha kutazama."

"Na nyayo za shangazi?"

Akaniashiria kwa kidevu, kutoka mlangoni hadi zizini, kutoka zizini hadi banda la mbuzi, na kurudi. Shangazi alikuwa ameaga kila kitu, amekanyaga kila mahali. Ndipo nilipozitambua, alama bapa za ndala, nusu zimefutika, zimekanyagwa na sisi wenyewe, na kisigino kimoja kimekandamizwa zaidi kwa sababu tangu utotoni shangazi alikuwa anaegemea mguu wa kulia. Nilimuuliza itakuwaje mvua ikinyesha. Akasema mvua ikinyesha ni Mungu amefagia, na yeye na Mungu hawana ugomvi, lakini mkono wa nyumba hii hautafagia. Tangu saa hiyo mimi nikawa upande wake. Nilikemea mbuzi, nikakemea watoto wa Emanueli, nikajiona askari.

Siku ya pili ya Krismasi wageni wakafika. Walikuja kwa miguu kutoka barabarani, wazee wawili wenye makoti na kofia, mshenga, Elibariki mwenyewe na shati limenyooka hadi linaumiza macho, na mbele yao mama yake. Paskalina alikuwa jikoni, amejifunika uso na upande wa khanga, analia bila sauti. Jioni iliyotangulia alikuwa amemwomba Ama kwa magoti. Ama alimnyanyua, akamkumbatia, akalia naye, na akakataa.

Mama Elibariki alisimama getini. Macho yake yakapita juu ya majani, samadi, manyoya, yakafika mlangoni, yakarudi. Mshenga akakohoa. Mama yangu alikuwa ameinama kama anatafuta sindano. Ama ndiye aliyeinuka kwenye kigoda, akajinyoosha, akazungumza kabla hajaulizwa.

"Msichana wetu si mvivu. Nina mtoto njiani, ameenda mbali, na sijasikia kwamba amefika."

Alisema hivyo tu, hakuomba radhi. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika pindo la khanga yake.

Mama Elibariki akauliza ni mtoto gani. Akaambiwa. Akauliza alipita wapi. Ama akaonyesha kwa mkono, kote. Yule mama akawageukia watu wake.

"Tupitie pembeni," akasema. "Kwangu mimi ni lori la vitunguu."

Mzaliwa wake wa kwanza alikuwa dereva, akipakia vitunguu Mang'ola na kuvipeleka mbali. Kila alipowasha lori, mama yake hakufagia mpaka asikie sauti yake, na kumbe majirani wa Daa walikuwa wakimsema kwa hilo kila siku. Basi akavua viatu, akainua gauni lake la sikukuu, akapita katikati ya mbaazi zetu kandokando ya uzio, na wazee wenye makoti wakamfuata kwa mstari, kofia zikigonga matawi, hadi wakaingia kwa mlango wa jikoni. Hapo ndipo walipomkuta Paskalina akiwa na machozi na moshi usoni. Mama Elibariki akamtazama, akamuuliza kama chai iko tayari. Sijawahi kuona mtu akimimina chai kwa furaha namna ile.

Mazungumzo yakaenda vizuri, na mzee wao mmoja akasimama kuomba slufay, ile dua yetu ndefu ya baraka ambayo wasikilizaji huitikia kila mstari. Aliombea mvua, mifugo, watoto watakaozaliwa. Alipomaliza hayo, bila kuambiwa na mtu, akaombea na binti aliye safarini, na sauti zilizoitikia zilikuwa kubwa kuliko mwanzo.

Tulikuwa bado tunakula tulipomsikia Emanueli. Hakuna aliyemtuma, lakini alikuwa ameichukua simu ya baba na kupanda kilimani. Alikuja anakimbia na viatu vyake vya mjini vimejaa vumbi, anapunga simu, uso wote meno. Amefika. Amepiga mwenyewe. Na bado, kwa habari ile mdomoni, alipofika getini alisita, akazunguka akapita kwenye mbaazi.

Shangazi alikuwa amekwama. Theluji ilizuia ndege kutua, wakapelekwa mji mwingine, akalala kwenye viti vya uwanja wa ndege mkesha mzima na Krismasi yake. Simu ilizima, chaja iko kwenye begi, begi liko ndani ya ndege. Maandazi aliyofungiwa na mama kwa safari aliyafungua palepale, akagawana na kikongwe mmoja mgeni ambaye naye alikuwa akienda kwa wanawe. Hawakuelewana lugha, lakini walikula pamoja hadi yakaisha, na yule bibi akamwimbia wimbo wa Krismasi wa kwao.

Ama aliuliza jambo moja tu, kama Yustina amelala vizuri. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, na tukamsikia analia kwa sauti, kilio cha siku zote zile. Paskalina alikuwa ameshainuka kushika ufagio. Mama Elibariki akashika wa pili, na wakaanza kufagia pamoja wakiwa na nguo za sikukuu, vumbi likipenya mlangoni na kutua kwenye pilau ya wazee, na hakuna mzee aliyelalamika.

Leo nafanya kazi mapokezi kwenye lodji moja hapa Karatu. Desemba tunajaa familia za Wazungu na siku hizi hata Watanzania wenzetu, wamekuja kula sikukuu na kushuka Kreta ya Ngorongoro. Wanafika wamechoka, wamejaa vumbi, na wengi wao, kabla ya maji na kabla ya chakula, wanauliza waifai. Juzi baba mmoja mwenye ndevu nyeupe alisimama mbele yangu anamwandikia mama yake kwamba amefika, begi bado liko mgongoni. Wenzangu wanawacheka. Mimi nawapa neno la siri haraka iwezekanavyo, maana sijui huko kwao ni nani amekaa kwenye kigoda.

Ama ametutoka miaka kadhaa sasa. Namstahi kwa mengi, ila kwa Krismasi ile zaidi. Alikuwa mwanamke anayejali jina la nyumba yake kuliko chochote, na aliwaacha watu wa posa waione katika hali yake mbaya kabisa, kwa ajili ya mtu aliye angani ambaye yeye Ama hangeweza kumsaidia kwa lolote lingine. Yeye mwenyewe hakudai kwamba alimsaidia. Wageni walipoondoka jioni ile nilimfuata, nikamuuliza je, kama tungefagia, shangazi asingefika?

"Sijui, mjukuu wangu," alisema. "Na sikutaka kujua."

Nilikuwa mdogo, nikaona hilo si jibu, nikaenda kuuliza wengine. Siku hizi nina binti anayesoma bweni Mbulu. Kila likizo ikiisha namsindikiza stendi, namwona anapanda basi na sanduku lake, narudi nyumbani na ufagio unalala mpaka nisikie amefika; nami pia sitaki kujua.