Mkandaji wa Kismayo Anayefundisha Wanawake Kukaa Kitako

Saa tatu asubuhi, Samiha ameshatia komeo mlangoni na kushusha pazia. Bakuli la mafuta ya simsim linapata moto juu ya jiko la makaa. Mama mmoja amenyoosha miguu mkekani, buibui lake mwilini, kiatu kimoja kavua, kimoja bado kakivaa.

"Na hicho?" Samiha anauliza.

"Hicho naogopa kukivua."

"Basi kiache. Leo tutakanda mguu mmoja. Ule mwingine utaona wivu wenyewe."

Mama anacheka, na pumzi iliyokuwa imekwama kifuani inamshuka. Samiha anachovya vidole kwenye mafuta. Kicheko hicho ndicho alichokuwa akikingoja.

Samiha, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mzaliwa wa kisiwa cha Chula, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo. Vita vilimkimbiza hadi Mombasa akiwa binti, na huko, katika kambi ya wakimbizi, mamake akamfundisha kukanda wanawake waliotoka kujifungua. Aliporudi akafungua kazi hapa Kismayo. Mkando mmoja ni dola tatu, au samaki. "Na wengine hunilipa dua," anasema. "Dua nzuri, haidai chenji."

Siku hizi humjia pia wanawake ambao viungo vyao ni vizima ila aibu imewakaa mwilini. Wa kwanza wao alikuwa Zakiya, wa hukohuko Chula.

Zakiya alikuwa hakai. Akienda kwa mtu husimama mlangoni. Akitandikiwa mkeka, ana haraka. Hata botini husimama, kashika ukingo, mawimbi yakimrusha. Sasa visiwani kutandikiwa mkeka ukakataa kukaa si jambo dogo, na Chula nzima ikamwona mwenye maringo. Wanawake walikuwa wakimrushia maneno kwa Kibajuni, ambamo mtu ni "mchu": "Mchu huyu angoja kiti cha sultani!"

Samiha mwenyewe aliamini hivyo, mpaka siku ya hitima moja huko Chula. Wenzake wakimsomea marehemu Kurani, yeye jicho lilikuwa miguuni mwa Zakiya. Visigino vimeinuka, mapaja yamebanana, mkono umeshika leso kwa nyuma.

"Nikasema, haya si maringo," anakumbuka. "Huyu anazuia kitu."

Uzazi wa kwanza wa Zakiya ulikuwa mgumu. Mtoto alifariki, na tangu hapo mkojo ukawa unamvuja wenyewe. Mikeka ya watu ikalowa, mume akaondoka. Baadaye madaktari wa Mombasa walimshona akapona kabisa. Lakini miaka tisa baada ya kupona, mapaja yake yalikuwa bado hayajapata habari.

"Nilikuwa mkavu kama papa wa chumvi," Zakiya anasema, na sasa anaweza kulicheka jambo hilo. "Lakini nikiona mkeka wa mchu, moyo huniruka."

Samiha alikuwa amehudhuria mafunzo ya wakunga kuhusu mwili uliobeba huzuni, akayachanganya na mikono ya mamake. Haulizi kisa. Hagusi kabla ya kuruhusiwa. Huanza na nyayo, akapanda polepole hadi mgongoni. Kisha yeye na mgeni wake hukaa mgongo kwa mgongo, mtu asionwe uso, naye Samiha hushusha pumzi kwa mguno mrefu mpaka mgongo wa pili ufuate.

"Anayevuja bado simkandi," anasisitiza. "Huyo nampeleka hospitali kwanza."

Si wote waliofurahi. Mukhtari, kakake Zakiya, alimjia juu. "Mwanamke ni haya. Ukimtoa haya, abaki na nini?"

"Haya simtoi, kaka yangu," Samiha akamjibu. "Haya humfanya mchu ajistiri. Hii yake yamkosesha hata pa kukaa."

Mukhtari akamwacha dada yake aende. Labda kwa sababu binti yake mwenyewe, Fadhila, aliyelelewa na Zakiya, alikuwa karibu kuolewa na ameshaweka sharti: hatiwi hina mpaka shangazi akae ubavuni pake. "Usipokaa, shangazi, naolewa mikono mitupu."

Zakiya akaja Kismayo, akakaa kwa Samiha. Tuseme akafikia, maana kukaa ndiko kulikomshinda. Alianza juu ya gunia, kisha mkeka mkuukuu. Kila mara huruka, akapapasa chini kwa kiganja. Pakavu. Akarudi tena.

Siku ya hina, Chula, ukumbi umejaa wanawake na katikati umetandikwa mkeka mpya, mweupe pe. Zakiya akafika kizingitini akagota. Fadhila akamtazama shangazi yake, mikono mapajani, haijaguswa na hina.

Samiha hakumvuta. Alikwenda akakaa mkekani karibu na bibi harusi, akampa Zakiya mgongo.

Zakiya aliutazama mgongo ule kitambo. Kisha akaingia, akageuka, akajishusha. Migongo ikagusana. Mguno mmoja mrefu ukatoka, wa pili ukaufuata, na Samiha akahisi uzito wote wa mwenzake ukimwegemea. Mara hii mkono wa Zakiya haukwenda kupapasa chini. Ulikwenda kushika mkono wa Fadhila.

"Kumbe haringi!" akasema Bi Mwanasiti, mkubwa wa wote pale. "Jamani, mpeni chai!"

Vigelegele vikapasua paa. Zakiya alikaa mpaka hina ikakauka na miguu ikamfa ganzi, ikabidi ainuliwe na watu wawili. "Kukaa nimeweza," akawaambia. "Kuinuka nako mnifunze."

Samiha sasa anataka kufungua chumba hukohuko Chula, ili wanawake wa visiwa jirani vya Koyama na Kudha wasifunge safari ya Kismayo. Yeye akande, Zakiya awe mgongo wa kuegemewa. Chumba kimepatikana, mafuta yapo. Zakiya ndiye hapatikani. Juzi Samiha alimpigia simu.

"Mwenzangu, tunafungua lini? Uko wapi?"

"Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwa Bi Mwanasiti. Jana kwa Safiyya, kesho kwa Dalila. Usinikimbize, dada, chai yangu bado ya moto."